Kaburi la Ziwa Biga

Jana mlikuja barazani kwangu hapa Temeke, kundi zima, mashati yamepigwa pasi, mkaniamkia vizuri sana. Nikaitikia marahaba kwa moyo mweupe. Nikasema moyoni, wajukuu wa Kizaramo wamekuja kumtania Mnyamwezi wao, leo nitacheka. Kumbe mlikuja na swali. Mlitaka niwaambie mdomo wa Ziwa Biga ni mlaini upande gani, mpate kuukata bila kuvunja majembe.

Nikasema kichwa kinaniuma, mkaondoka. Hakikuniuma. Nilikuwa na hasira mpaka ulimi ukagoma. Leo umekubali kazi, basi sikilizeni, na aliye na haraka aende zake, maana habari yenyewe ni ya mtu mwenye haraka.

Mmesema ushirika wenu utalima mchicha, bamia na nyanya, na mfereji mpya ukishateremsha maji ya Biga, kiangazi hakitawaweza. Mtapeleka mboga Kariakoo wakati wenzenu wanapeleka vumbi. Halafu Salumu, wewe kiongozi wao, ukaongeza neno ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa kambare. Ukasema, "Babu, karibu tunajitawala. Kilicho chetu tukitumie chote."

Chote! Mimi nimefanya kazi kwenye mdomo huo huo tangu ndevu zinaota mpaka zilipoota mvi. Nimeshamwona mtu mmoja akitaka kuukata, na maneno yake na yenu ni mapacha. Yeye alikuwa mgeni, wala hakukusudia kuzikwa hapa. Nyie mna udhuru gani?

Wengi wenu mwisho wenu ni Gongo la Mboto. Ukipita hapo ukaanza kupanda milima ya Pugu, njia inaingia msituni, hewa inabadilika, na jasho linakukaukia mgongoni kabla hujapumzika. Halafu miti inafunguka na maji yako mbele yako, yametulia ndani ya milima kama uji katika bakuli. Wenyeji waliliita Biga, yaani chungu, na kweli ni chungu: kote limezungukwa na miinuko, isipokuwa mahali pamoja ambapo ukingo umeshuka kidogo. Hapo ndipo mdomoni. Ni udongo mgumu ulioshikana na mawe, kazi ya Mungu, si ya fundi. Maji yakijaa humwagika hapo, yakawa kijito, kikashuka mpaka bonde la Kizinga, kwenye mpunga wa bibi zenu. Na visima vya Mtoni mnavyochota kila asubuhi vina mama yao kule juu, ingawa havijawahi kumwona.

Chungu huweza kutoboka ubavuni ukakiziba. Kikivunjika mdomo mpaka chini, ni kigae.

Nilikuja kutoka bara kama manamba, nimetia dole gumba mkataba wa kukata mkonge. Shamba la mkonge lilikuwa chini ya ziwa, na mashine ya kukamua majani, ile tuliyoiita korona, ilikunywa maji kuliko ng'ombe wa Usukuma wote. Kwa hiyo pale mdomoni walijenga mlango: nguzo mbili za mawe zenye mifuo ya kupachikia, na kati yake mbao za mvule zimelazwa moja juu ya nyingine. Ukitaka maji unatoa ubao. Ukitaka ziwa linenepe unarudisha. Nyapara alinitazama nilivyo mwembamba akasema mkonge utaniua, akanipeleka mlangoni nikamsaidie Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa huko huko, mwenye kijikopo cha ugoro na mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza alinizunguka kama anayenunua mbuzi.

"Mnyamwezi, nasikia nyie mlibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu."

"Ndivyo, mzee."

"Na hamkuona mnafanya ujinga?"

"Tuliona. Lakini tulipofika pwani tukawakuta Wazaramo wanacheza ngoma, tukasema, kumbe kuna wajinga zaidi."

Akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Tangu hapo nikawa mtani wake na mwanafunzi wake.

Somo la kwanza nililipata kwa kunywa maji. Aliniambia nitoe ubao, nikaona huu wa chini kabisa ndio utakaotoa maji mengi kwa mara moja, nikautia kulabu kwenye matundu yake ya pembeni na kuuvuta. Ziwa likanipokonya kulabu, likanipokonya shuka, likanitupa kwenye matete, nikaibuka uchi mbele ya wanawake waliokuwa wakifua. Mzee Kondo hakunisaidia. Aliketi juu ya jiwe akauliza, "Jamani, mmepata samaki mpya?" Wasichana wa siku ile ni vikongwe leo, na wakiniona njiani wanaficha nyuso kwa khanga wakicheka.

Ubao wa juu ndio wa kwanza kutoka. Wa chini hautoki, haugeuzwi, hauguswi, labda ukiwa umeoza. Nyufa kati ya mbao huzibwa kwa mfinyanzi uliokandwa na nyasi, tena ukandwe kwa kisigino, maana kisigino husikia kokoto ambayo mkono hauisikii. Matete ya ukingoni hukatwa yakishapukutisha mbegu, na mizizi huachwa, kwa sababu ndiyo inayokamata tope la mvua lisiingie kujaza tumbo la ziwa. Na kila asubuhi, kabla ya chai, unamtazama Kobe.

Kobe ni jiwe katikati ya maji, lina mgongo hasa wa kobe. Maji yakiwa mema humwoni. Mgongo ukitoka, Mzee Kondo alisema, unafunga mbao zote, hata aje nani. Unaacha yale yanayovuja tu, mpunga wa bondeni unywe. Korona ingoje mvua kama kila kiumbe.

Nyapara mmoja aliwahi kuniamuru nisihangaike na mfinyanzi, nizibe nyufa kwa makapi ya mkonge, ni ya bure na yamejaa tele. Nikaziba. Baada ya wiki kadhaa makapi yakaoza, maji yakageuka ya kijani, perege wakaelea matumbo juu, na mtu akashindwa kusogea mlangoni bila kuziba pua. Basi akapanda mwanamke kutoka bondeni na mtungi kichwani, jua kali, hakupumzika hata mara moja. Akafika, hakuniamkia, akaumwaga mtungi wote mlangoni pa kibanda changu.

"Hayo ndiyo tunayokunywa," akasema. "Nimekuletea nawe, mtani, usije ukasema tunakunyima."

Huyo alikuwa Bi Mwanaidi. Salumu, ndiye bibi yako mzaa mama. Unajua sasa kwa nini jana nilikutazama usoni muda mrefu? Nilikuwa namtafuta yeye ndani yako.

Kisha akaja msimamizi mpya wa shamba, Mwingereza, tukamwita Bwana Upesi kwa sababu kila amri yake ilianza na neno hilo. Bei ya mkonge ilikuwa imepanda huko kwao, na korona zikaongezwa. Mgongo wa Kobe ulipotoka nikafunga mbao. Akaja mwenyewe, akang'oa ubao wa juu kwa mikono yake na kuondoka nao nyuma ya gari, ili nisiweze kuurudisha. Ubao wa mvule uliokomaa kwenye maji miaka yote ile! Akaupigilia miguu, akauweka barazani kwake. Nilikuwa nikipeleka ripoti jioni namkuta amenyoosha miguu juu yake, soksi mpaka magotini, anakunywa chai.

Msidhani hakujua. Kuna watu wanapenda kusimulia kwamba Mzungu alikosea kwa kutojua. Huyu alijua. Nilimwambia habari ya Kobe, akaniambia yeye amemwona Kobe kabla yangu, na kwamba mkataba wake unakwisha baada ya misimu michache. "Ziwa litanitosha mimi," akasema. Alisema hivyo, kwa Kiswahili, bila haya, kama mtu anayezungumzia sanduku la biskuti.

Mwaka huo Mzee Kondo akafariki, na ni lazima niwaeleze mazishi yake, kwa sababu nyie mliozaliwa mjini utani mnaujua kwa kutukanana tu. Shimo lilipokwisha kuchimbwa na jeneza limefika, rafiki yangu Kulwa, Mnyamwezi mwenzangu, jitu pana la kukata mkonge, akaruka akaingia kaburini. Akajilaza chali, akafumba macho.

"Toka, Kulwa, mzee anangoja," wafiwa wakamwambia.

"Aingie, tutabanana. Alinikopa ugoro. Mie sitoki mpaka nilipwe ada yangu."

"Utapewa kuku."

"Kuku wa Kizaramo? Si huwa amekufa njaa yule?"

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Akaletewa kuku, akamkagua mabawa kule kule shimoni, akatoka, na mzee akazikwa kwa heshima. Na kwa muda wote ule hakuna aliyethubutu kumvuta. Mtani aliyelala kaburini havutwi. Ukimvuta, siku yako ya kufa hapatikani wa kukuchekea, unazikwa kama mbwa.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Kobe alitoka mgongo, akatoka shingo, ikabaki kidogo aonyeshe miguu. Maji yakashuka chini ya ule ubao wa mwisho, mlango ukawa pambo. Bwana Upesi akapanda na vigingi na kamba, akapima, akaamuru wakata mkonge waache mapanga washike sururu: mfereji upasuliwe mdomoni, wa kina cha mtu, upite chini ya mlango na kunyonya maji yaliyobaki. Na mdomo ule si ukuta wa fundi, hauwezi kujengwa tena. Ukishakatwa, mvua zote za miaka yote zitapita hapo hapo. Hapatakuwa na ziwa tena, patakuwa na njia ya maji.

Kulwa alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Walichimba kutwa, wakaacha ukingo mwembamba tu kati ya mfereji na ziwa, wa kubomolewa kesho yake. Jioni nikafuatana naye mpaka gengeni Gongo la Mboto kununua chumvi, tukamkuta Bi Mwanaidi anauza mihogo. Kulwa, mwili mzima umejaa udongo mwekundu, akamwambia kwa sauti gengeni pote wasikie:

"Watani, mbona mmetulia? Sie kaburi tumeshawachimbia. Nyie maiti mnaileta lini?"

"Kaburi la nani, we kiroba?"

"La Biga. Kesho asubuhi tunazika. Au Wazaramo siku hizi mnaacha wageni wawazikie?"

Watu wakacheka. Bi Mwanaidi hakucheka. Alifunga mihogo yake, akajitwisha, akaondoka bila kumaliza kuuza.

Asubuhi tulisikia vilio kabla ya kuona watu. Wanawake wa bondeni walikuwa wanapanda mlima kwa mstari mrefu, wamejifunga kaniki, mikono kichwani, na Bi Mwanaidi mbele amebeba mkeka na chetezo cha ubani kinachofuka. "Biga mama yetu! Umekwenda, nani atatunywesha?" Vilio vile viligonga maji vikarudi, ikawa kama ziwa lenyewe linajililia. Wakatandika mkeka pembeni ya mfereji. Wakakaa. Msiba ukawa msiba.

Kulwa akautazama mkeka, akautazama mfereji, akatazama wenzake. Akatupa sururu. Akaingia mferejini, akajilaza chali chini kabisa, akafumba macho.

Mpaka leo sijui kama alikuwa na mpango au alifanya alivyozoea, kwamba palipo na msiba wa mtani na pana shimo, pake ni humo. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akanijibu, "Maganga, mgongo uliniuma."

Bwana Upesi akafika na gari. "Nini hii? Toa yeye! Upesi!"

Hakuna aliyesogea. Nyapara akavua kofia. "Bwana, hatoki huyo. Hajalipwa."

"Kulipwa nini?"

"Ada ya kaburi, Bwana."

Akamtupia shilingi. Kulwa akaipapasa bila kufumbua macho, akaitia kwapani. "Hii ya kufungua jicho moja," akasema, akafungua moja. "Ya kuinua mgongo ni nyingine. Nataka ubao wa juu, ule unaowekea miguu. Uurudishe mlangoni, mie nitoke."

Akaitwa jumbe, mtu mwenye kanzu na bakora, aliyepokea mshahara wa Serikali na aliyeogopa kuukosa. Akaja na matarishi wake. Bwana Upesi akamwamuru amtoe mtu. Jumbe akakaribia ukingo, akamwona mtani wake amelala, akaona na mkeka na ubani, na wanawake wa ukoo wake wote wanamtazama kimya. 

"Toka, Kulwa, usiniponze," akanong'ona.

"Nivute basi, jumbe. Nivute, nione nani atakayekuzika."

 Jumbe akavua viatu, akaenda kuketi mkekani kati ya wafiwa, akainamisha kichwa. Mzungu akapiga kelele mpaka shingo ikawa nyekundu. Akawageukia wachimbaji, na hasira ikampa neno ambalo nadhani alilijutia maisha yake yote.

"Hatoki? Basi fukia! Fukia yeye! Upesi!"

Alitaka kumtisha Kulwa. Akaingia garini, akaondoka kwa vumbi kwenda mjini kuleta polisi.

Manamba wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Bwana kasema tufukie." Wakashika machepe. Walianzia kule mwisho, mbali na Kulwa, wakaja taratibu, na nyapara anahimiza, "Upesi jamani, mmeisikia amri!" Udongo ulipofika miguuni pake Kulwa akajisogeza, ulipofika tena akajisogeza, ulipokuwa haukumbakishia nafasi akapanda juu yake, akajilaza tena. Wanawake wakaacha kulia. Wakaingia juu ya udongo uliofukiwa, wakaukanyaga kwa visigino, wanaukandamiza kama mfinyanzi, na kilio kikageuka wimbo, na wimbo ukageuka ngoma, maana Wazaramo ni Wazaramo. Polisi walipofika hawakukuta mfereji. Walikuta ardhi tambarare, watu wamecheza wamechoka, na mtu mmoja amelala juu anakoroma.

Walimchukua huyo huyo. Kipande chake, ile kadi ya kazi, kikachanwa, akafungwa, na alipotoka hakuna shamba lililomwajiri. Akaenda kubeba mizigo bandarini Kurasini, na kifua hakikupona ubaridi wa gerezani. Mwanamume aliyewaokolea maji alikufa kuli, jamani. Tulimzika hapa Temeke, na mnajua nani alilala kaburini mwake? Yule jumbe, mzee sasa, na kanzu yake nyeupe, akililia ada. "Sitoki! Huyu alinivunjia heshima mbele ya Mzungu!" Tulimlipa ugoro. Alitoka akilia kweli.

Mvua zilirudi. Kobe akazama. Bwana Upesi akaenda zake mkataba ulipokwisha, na baada yake wakaja wengine, wabaya na wazuri, lakini hakuna aliyegusa mdomo wakati wangu. Sasa mje nyie! Nyie mliokuzwa kwa mpunga wa bonde lile! Mngekuwa na kiu ningewaelewa. Lakini maji mnayo, mnataka mengi kwa upesi, basi. Mkijitawala mtamfukuza Bwana Upesi huku mmevaa soksi zake?

Limeni mboga, nawaombea heri. Chukueni yale yanayomwagika yenyewe. Chimbeni mabwawa madogo bondeni, myajaze wakati wa masika. Nitakuja kuwaonyesha namna ya kukanda mfinyanzi, ingawa visigino vyangu vimechakaa. Lakini mdomo hapana.

Na bado lipo jambo moja. Kulwa alitolewa juu ya lile kaburi na polisi. Hakutoka kwa kulipwa. Kwa mila yetu sote, ada yake haijatolewa mpaka leo, na anayeidai ni mimi niliyebaki.

Mwezi uliopita nilipita kwenye ofisi ya ushirika wenu, mkanikaribisha nikae. Mlisema mmepata viti kwa bei ya chini, vyombo vya nyumba ya msimamizi wa shamba vilipouzwa. Nikakaa kwenye benchi. Mkono wangu ukapapasa ukingoni, ukakuta tundu. Nikapapasa upande wa pili, nikakuta tundu la pili, mmeliziba kwa karatasi. Hapo ndipo kulabu yangu ilipoingia miaka yote ile. Mmekaa juu yake mnapanga kukata mdomo.

Basi mkipanda mlima na majembe, mtanikuta nimeshafika. Nitakuwa nimelala chali pale mnapotaka kukata, nimefumba macho, na nyie ni watani zangu, hamtanivuta. Njooni na hilo benchi. Ng'oeni miguu yake, mlirudishe kwenye mifuo yake, juu, panapolifaa. Nikisikia limekaa, nitainuka.